Kifandugu cha Kuku na Mikia ya Dinosauri Wenye Manyoya: Namna ya Kuusafisha Mfupa na Kuusoma

Ukimshika kuku aliyekwisha kunyonyolewa na kukibana kile kinofu chenye mafuta kilicho mwisho wa mgongo wake kwa kidole gumba na kidole cha shahada, utahisi ndani yake kipande kigumu na chembamba kilichosimama wima kama kibao kidogo. Hicho ndicho kifandugu cha kuku, ambacho wataalamu hukiita pigostili: pingili za mwisho za uti wa mgongo zilizoshikana mpaka zikawa mfupa mmoja. Manyoya makubwa ya mkia yamejipanga kukizunguka, na misuli inayoyakunjua na kuyakunja imejishikiza hapo hapo. Kifandugu chetu sisi binadamu nacho kimetokana na pingili zilizoungana, lakini hakikubebeshwa kazi ya namna hiyo.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mwanafunzi au mzazi wa Mombasa anayetaka kukitoa kifandugu hicho, kukisafisha vizuri, na kukitumia kama kipimo cha kusomea mikia ya dinosauri waliofanana na ndege. Nimeona mara nyingi habari ikisema kwamba dinosauri fulani alikuwa na kifandugu kama cha ndege, na msomaji akaondoka na picha ya mnyama mwenye mkia mfupi kama wa kuku, tayari kuruka. Picha hiyo si sahihi, na njia nzuri kuliko zote ya kuirekebisha ni kuwa na mfupa wenyewe mkononi. Kuungana kwa pingili ni jambo moja, na kufupika kwa mkia ni jambo jingine. Ndege wa leo wana yote mawili. Baadhi ya dinosauri walikuwa na la kwanza pasipo la pili.

Anza na uchaguzi wa kuku, kwa maana kazi yote inategemea umri wake. Usianze na broila. Kuku wa nyama huchinjwa akiwa na wiki chache tu, na kwa umri huo pingili zake za mwisho huwa bado hazijashikana sawasawa. Mara ya kwanza nilipoifanya kazi hii nilitumia broila, na baada ya kuchemsha nilipata vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika chini ya sufuria, nikadhani nimeuharibu mfupa kwa moto mwingi. Moto haukuwa na kosa. Mfupa niliokuwa nikiutafuta ulikuwa haujakamilika kuwapo. Kifaranga huanguliwa pingili hizo zikiwa bado mbalimbali, na kuungana hufuata kadiri anavyokua. Mwombe muuzaji wako, awe ni wa Kongowea, Majengo au Likoni, akupatie jogoo au tembe mkongwe wa kienyeji, au kuku wa mayai aliyekwisha kumaliza kutaga. Nyama yake itataka kuchemshwa kwa muda mrefu, lakini kwa mchuzi wa nazi hilo si hasara.

Ukiweza kumpata akiwa hai, mtazame kabla hajachinjwa. Mwangalie anapotua kutoka mahali palipoinuka: mkia hufunguka ghafla kama kipepeo cha ukindu tunachopepea makaa, kisha ukajikunja. Mwewe wanaozunguka juu ya masoko na ufuo wetu huonyesha jambo hilo hilo kwa ustadi zaidi, kwa kuupinda mkia huku na huku wanapogeuka hewani. Baada ya kuchinjwa, na kabla ya kunyonyolewa, hesabu manyoya makubwa ya mkia yaliyo magumu, ukiyaacha yale laini na marefu yanayoyafunika kwa jogoo. Kuku wa kawaida huwa na 14, saba kila upande. Iandike hesabu hiyo, kwa kuwa baadaye utahitaji kukumbuka kwamba manyoya 14 yalikuwa yakishikiliwa na mfupa usiozidi urefu wa kiungo kimoja cha kidole chako.

Mwambie anayekukatia kuku asiukate mkia pale panapozoeleka, yaani pale palipo pembamba, kwa sababu kisu kikipita hapo kitazitenganisha pingili huru na kifandugu. Shika kinofu cha mkia ukipandishe na kukishusha, na kwa kidole cha mkono wa pili utafute mahali ambapo mwendo unaanzia, nyuma kidogo ya mifupa ya nyonga. Kata mbele ya hapo, hata kama utachukua kipande cha nyonga. Ni afadhali uchukue mifupa ya ziada, utakayoiondoa baadaye, kuliko kuipoteza pingili moja, kwa sababu hesabu ndiyo shabaha yetu.

Sasa ondoa ngozi. Juu ya mkia utakuta tezi ya mafuta, yenye rangi ya manjano na kichuchu kidogo, ambayo wapishi wengi huitoa kwa sababu ya harufu yake. Ndiyo ambayo ndege huichokoa kwa mdomo ili kuyapaka manyoya mafuta. Itoe. Chini yake, kila upande wa mfupa, utaona fungu la mafuta na misuli ambamo mashina ya manyoya yamezama. Tua hapa kwa dakika chache, usiwe na haraka ya kukata. Lichome fungu hilo kwa kijiti butu uone jinsi mashina yanavyosogea pamoja. Misuli hii ikijikaza, manyoya yote hukunjuka kwa pamoja, na mfupa hubaki katikati kama mhimili. Katika mabaki ya kale sehemu hii ya nyama haionekani kwa kawaida; wachunguzi hulazimika kuikisia kutokana na umbo la mfupa na mpangilio wa manyoya. Wewe unayo mbele yako, na ukishaichemsha hutaiona tena.

Punguza nyama kwa kisu kidogo bila kukwaruza mfupa. Kisha chukua chelewa moja kutoka katika ufagio mpya, uipitishe polepole ndani ya mfereji wa uti wa mgongo kuanzia upande wa nyonga, mpaka ikwame. Chelewa hiyo itazizuia pingili zisipoteane wala zisibadilishane nafasi wakati nyama inalegea. Ukiona mfereji ni mwembamba mno, ichonge ncha.

Weka kipande chako katika sufuria ya maji na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, juu ya moto mdogo. Maji yawe ya moto lakini yasitokote, kwa kuwa mtokoto huipigapiga mifupa midogo na kuifanya ipasuke au ipoteane. Usitumie sufuria ya presha hata ukiwa na haraka, kwani hulainisha mfupa wenyewe. Kwa kuku mkongwe hesabu saa mbili hadi tatu, ukiangalia mara kwa mara na kuondoa nyama iliyolegea kwa mswaki wa zamani. Wako wanaopenda kuuacha mfupa katika chupa ya maji mpaka nyama ioze yenyewe. Kwa joto letu la Pwani njia hiyo hufanya kazi haraka, na huihifadhi mifupa midogo vizuri kuliko moto, lakini kwa anayeishi katika nyumba za kupanga zenye ua mmoja, harufu yake itamgombanisha na majirani.

Kinachofuata ni kuondoa mafuta, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kukosa subira. Mkia ni sehemu yenye mafuta kuliko nyingine nyingi za kuku, na mafuta yakibaki ndani ya mfupa hugeuka manjano na kunuka, hasa katika unyevu wa Mombasa. Loweka mfupa katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, ubadilishe maji kila siku, kwa siku tano au zaidi, mpaka maji yasionyeshe utando wa mafuta. Baada ya hapo, ukitaka weupe, uloweke kwa siku moja katika haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayopatikana katika maduka ya dawa, ukivaa glavu. Usitumie dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Niliwahi kushauriwa dukani niitumie, na uso wa mfupa ukamomonyoka, ukawa kama chokaa, ukazifuta alama zote nilizokuwa nikizihitaji. Siki nayo uiepuke, kwani huyeyusha madini ya mfupa.

Kausha kivulini, ndani ya kawa au chini ya chujio, mahali ambapo sisimizi hawafiki na kunguru hawaoni.

Mfupa ukikauka, ulaze ubavu juu ya karatasi nyeusi na uanze kuusoma. Kwanza utaona pingili huru, tano au sita hivi, kila moja ikiwa na vibawa viwili vya mfupa vinavyotokeza pembeni. Zisukume kwa ncha ya kalamu uone zinavyopinda. Baada ya hizo kifandugu huanza, nacho hakipindi. Kitazame kwa ubavu: ni kibao kilichoinuka kwenda juu na nyuma, chenye umbo linalokaribia jembe la plau, na upande wake wa mbele una uso mpana kiasi unaokutana na pingili huru ya mwisho. Kielekeze kwenye mwanga wa dirisha na utafute vitundu vidogo au mistari hafifu iliyo ubavuni. Hizo ni athari za mipaka ya zamani baina ya pingili na pingili, na kwa kuzihesabu unaweza kukadiria ni pingili ngapi zilizomezwa humo. Kwa kuku mzee sana athari hizo huwa zimefifia, ndiyo maana napendekeza kuwa na mifupa miwili: mmoja wa kuku mkongwe, na mmoja wa broila uliosafishwa kwa uangalifu, vipande vyake vikiwa vimetunzwa kwa mpangilio juu ya chelewa. Ule wa broila, ambao mwanzoni niliuona kuwa hasara, ndio unaofundisha zaidi, kwani unaonyesha pingili zenyewe kabla hazijapotea ndani ya mfupa mmoja.

Sasa tuwageukie dinosauri. Nenda katika maduka ya shanga ukanunue shanga za ukubwa mmoja zenye tundu pana kiasi, waya laini na gundi. Tutaunda mikia minne, kila shanga ikiwa pingili moja, kwa sababu jicho huelewa hesabu hizi upesi zaidi zikiwa zimening'inia kuliko zikiwa zimeandikwa.

Mkia wa kwanza ni wa Archaeopteryx, mnyama wa kale mwenye mabawa na manyoya, ambaye mabaki yake yametoka katika mawe ya chokaa ya Solnhofen, kusini mwa Ujerumani, na ambaye aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, katika zama zinazokaribiana na zile za dinosauri wakubwa waliochimbwa Tendaguru, kule Lindi. Tunga shanga 22. Usigundishe hata moja, kwa kuwa pingili zake zote zilikuwa huru. Manyoya yake hayakutoka mwisho wa mkia; yalipangwa jozi kwa jozi kuume na kushoto, kama majani yanavyopangwa kwenye kuti la mnazi. Ukiwa na kuti bichi karibu, lilinganishe na mkia wa kuku uliouhesabu, na utaona tofauti baina ya mkia wa kuti na mkia wa kipepeo.

Mkia wa pili ni wa Caudipteryx, dinosauri mwenye ukubwa wa bata mzinga, aliyeelezwa mwaka 1998 kutoka Liaoning, China. Tunga tena shanga 22 bila gundi, lakini safari hii bandika manyoya ya kuku kwenye ncha peke yake, yakiwa yametandazwa. Mabaki ya mnyama huyu yanaonyesha wazi kipepeo cha manyoya mwishoni mwa mkia, ilhali pingili za hapo hazikuungana. Kwa hiyo kipepeo kiliweza kuwapo bila kifandugu.

Mkia wa tatu ndio ulio kiini cha somo. Mwaka 1994, huko Bugin Tsav katika jangwa la Gobi, Mongolia, yalipatikana mabaki ya dinosauri asiye na fuvu lakini mwenye uti wa mgongo uliohifadhika vyema, naye mwaka 2000 akapewa jina la Nomingia gobiensis. Wapo wataalamu ambao siku hizi humhesabu kuwa ni yule yule aitwaye Elmisaurus. Kwa kazi yetu jina halibadilishi kitu. Tunga shanga 24, kisha uzigundishe tano za mwisho mpaka ziwe kijiti kimoja. Acha gundi ikauke, uushike mkia huo upande wa nyonga na kuutikisa. Utaona kwamba ncha ni ngumu, lakini kabla yake zipo pingili 19 zinazopinda huku na huku. Huu si mkia wa kuku. Ni mkia mrefu kiasi, wenye nyama, ulioshupazwa ncha tu. Manyoya hayakuhifadhika pamoja na mifupa hiyo. Wachunguzi wanapodhani kwamba ncha ilibeba kipepeo, wanatumia ushahidi wa jamaa zake kama Caudipteryx, na ni haki msomaji aujue mnyororo huo wa hoja. Kazi ya kipepeo hicho, kwa maoni yaliyotolewa na watafiti walioichunguza mikia ya kundi hili, huenda ilikuwa kujionyesha, kama tausi anavyofanya, na si kuruka.

Usiunde mkia wa Beipiaosaurus, lakini mkumbuke. Huyu naye alitoka Liaoning, aliishi miaka milioni 125 hivi iliyopita, alikuwa na urefu wa zaidi ya mita mbili, makucha marefu na manyoya ya nyuzi nyuzi, na kwa namna yoyote hakuwa mnyama wa kuruka. Mwaka 2003 ilielezwa kwamba pingili zake za mwisho nazo zilikuwa zimeungana. Yeye na Nomingia ni wa matawi mawili tofauti ya ukoo. Ukiongeza ndege, unapata kundi la tatu. Kwangu mimi, maelezo mepesi ni kwamba kuungana huku kulitokea zaidi ya mara moja, kila tawi kwa njia yake, na kwa hiyo kifandugu peke yake hakiwezi kuwa cheti cha undege.

Mkia wa nne ni wa kuku wako: shanga tano au sita huru, kisha kipande cha kadi kilichokatwa kwa umbo la kifandugu ulichokisafisha. Uning'inize kando ya ule wa Nomingia. Hapo ndipo utakapoona kwa macho kwamba ndege hawakuunganisha tu. Walipoteza pingili nyingi zilizotangulia ncha. Na hata kwa ndege wenyewe umbo halikuja kwa siku moja. Confuciusornis, ndege wa kale wa China aliyepewa jina mwaka 1995 na ambaye mabaki yake yamepatikana kwa mamia, alikuwa na kifandugu kirefu kama fimbo, wala si kibao kilichoinuka kama cha kuku, naye hakuwa na kipepeo. Baadhi yao walikuwa na manyoya mawili marefu sana ya mkiani na wengine hawakuwa nayo. Mwaka 2013 timu iliyoongozwa na Anusuya Chinsamy wa Chuo Kikuu cha Cape Town ilionyesha, kwa kuchunguza tishu ndani ya mfupa, kwamba mmoja wa wale wasio na manyoya hayo alikuwa jike wa umri wa kutaga. Kifandugu chenye umbo la plau pamoja na kipepeo cha manyoya huonekana kwa ndege wengine wa China ya kale, kama Yixianornis.

Ukiwa na mikia hii minne mezani, unaweza kuisoma habari yoyote ya kifandugu cha dinosauri kwa maswali ya kweli. Uliza kwanza pingili huru ni ngapi kabla ya mfupa ulioungana. Uliza umri wa mnyama, kwa kuwa mtoto wa ndege wa kale anaweza kuonekana hana kifandugu kwa sababu ile ile iliyomfanya broila wangu atawanyike katika sufuria. Uliza pia kuungana kumetokea wapi: katika Diplodocus na Apatosaurus, dinosauri wakubwa wenye shingo ndefu, zimepatikana pingili za katikati ya mkia zilizoshikana, na hizo hazihusiani kabisa na manyoya, bali na hali ya mifupa inayofanana na ile inayowapata baadhi ya wazee wetu mgongoni.

Jaribu maswali hayo kwenye mkia mmoja uliohifadhiwa ndani ya kaharabu, yaani utomvu wa miti wa kale ulioganda ukawa mgumu kama jiwe. Mwaka 2015 mtafiti Xing Lida alikipata kipande hicho katika soko la Myitkyina, Myanmar, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 2016. Kina miaka milioni 99 hivi. Ndani yake mna mkia mdogo wenye manyoya, na mifupa ikiwa bado imo. Wachunguzi walipouona kwa miale ya eksirei, walihesabu pingili zisizopungua nane, zote zikiwa huru, zikipinda. Kwa sababu hiyo walisema mkia huo ni wa dinosauri na si wa ndege aliye na kifandugu. Weka picha yake kando ya mifupa yako miwili na mwombe mwanafunzi aitetee hukumu hiyo, kisha aipinge kwa swali la umri, mpaka aone ni kipi kinachobaki.

Kwa kuhifadhi, tumia kopo lenye kifuniko kinachobana, ndani yake ukiweka vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, au mchele mkavu uliofungwa katika kitambaa. Mwezi wa Aprili na Mei, masika yanapoingia, fungua ukague kama ukungu umeanza. Usiongeze mifupa ya ndege wa porini, kwani sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inahusu pia sehemu za miili yao. Andika kwenye karatasi aina ya kuku, umri wake kwa kadiri ulivyoambiwa, tarehe na idadi ya manyoya uliyoihesabu, na uweke kifandugu cha mkongwe na vipande vya broila katika kopo moja, ili anayekifungua avione kwa pamoja.